Herufi nyeupe za matairi yangu zimerudi, na aliyezirudisha yuko Kireka

Wenzangu mnaoendesha wageni, na nyinyi wenye Prado na pikapu zilizovaa matairi ya herufi nyeupe, nimempata mtu anayejua kuyaosha. Yuko Kireka, ukitoka mjini Kampala kwa barabara ya Jinja. Ni kibanda cha mabati, madumu kumi hivi ya maji, mwembe mmoja wa kivuli na kijana anayefanya kazi na mdogo wake. Nimekwenda kwake mara nne sasa, kwa hiyo sisemi kwa kuona mara moja.

Kwanza niwaambie nilikotoka. Mwaka jana nilinunua BFGoodrich All-Terrain KO2 matano, manne ya chini na moja la akiba linaloning'inia kwenye mlango wa nyuma. Fedha hiyo niliiweka msimu mzima. Yalipofungwa, herufi zilikuwa zimefunikwa na rangi ya buluu, na fundi akaniambia niiache itatoka yenyewe kwa mvua. Nikamsikiliza. Rangi ile imepakwa kiwandani ili kuulinda weupe matairi yakiwa stoo na safarini, na inatakiwa iondolewe kwa maji, sabuni na brashi mara tu tairi linapofungwa. Mimi nilikwenda nayo hadi mbuga ya Murchison na kurudi. Jua likaikausha, ikawa ngumu kama utando wa uji ulioachwa kwenye sufuria.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Nilipeleka gari mahali pa kuoshea nilipopazoea, sitapataja, wakaniuliza, "Mzee, tukupakie mafuta ya tairi?" Nikakubali. Kumbe kwenye kopo lao mlikuwa na diseli iliyochanganywa na oili iliyokwisha kutumika. Siku ile matairi yaling'aa kama viatu vya bwana harusi. Siku ya tatu vumbi lote la barabara lilikuwa limeganda juu yake, matone yamerukia milango hadi kwenye vishikio, na herufi zangu zimekuwa rangi ya chai. Diseli inalainisha mpira na kuuvimbisha. Ukimwona mtu anaipaka kwenye tairi lako, mzuie.

Chai ile haikutoka kwenye oili peke yake. Ndani ya mpira wa tairi viwanda huchanganya dawa ya kuuzuia usipasuke kwa hewa ya ozoni. Dawa hiyo haitulii ndani. Inasogea polepole hadi kwenye ngozi ya tairi, hasa tairi linapozunguka na kujikunja, na ikikutana na hewa inageuka kahawia. Ni kazi yake, wala tairi halijaharibika. Lakini mafuta ya kung'arisha yaliyotengenezwa kwa petroli huivuta nje kwa wingi na kuitandaza hadi juu ya weupe. Ndiyo maana mtu anapaka, kesho anaona kahawia, anapaka tena kuificha, na herufi zinazidi kufa.

Sasa kijana wa Kireka. Siku ya kwanza alichuchumaa mbele ya gurudumu, akapitisha kidole kwenye herufi, akakinusa. Akasema, "Mzee, hapa kuna mafuta ya watu. Usinipe haraka. Nikipaka dawa juu ya uchafu huu, jioni utanirudia." Akaniomba nisogeze gari kivulini na kusubiri matairi yapoe, kwa sababu sabuni ikikaukia kwenye mpira wa moto inaacha alama. Nikajua huyu ameyasoma matairi.

Anaosha gurudumu moja hadi liishe, kisha jingine. Analilowesha, anapaka sabuni kali ya kuondoa grisi aliyoizimua kwa maji, anasugua ubavu wote kwa brashi ya nailoni, anasuuza, anarudia. Povu la kwanza lilitoka jekundu, udongo mtupu wa barabara za vumbi. La pili likatoka kahawia, la tatu kahawia hafifu. Anachoangalia ni povu, hatazami tairi. Povu likibaki jeupe ndipo anaweka brashi chini. Gurudumu la nyuma kushoto lilikula raundi sita, na hakulalamika.

Kwenye herufi anabadilisha vifaa. Ana mswaki wa kuingia kwenye kona za zile R na G, halafu anatumia ile sponji nyeupe inayofuta madoa ya ukutani, akiwa ameikata vipande vidogo kama sabuni ya hotelini. Nilimuuliza mbona hatumii msasa, kama nilivyoona wengine wakifanya. Akanionyesha kwa kucha: weupe ule ni tabaka la mpira mweupe lililowekwa ndani ya ubavu, likafunikwa na mpira mweusi, kisha kiwandani wakakwangua weusi juu ya herufi ili weupe uonekane. Si nene. Kila msasa unakula kidogo, na ukilizoesha tairi msasa, siku moja weupe wenyewe utakwisha. Klorini ya kufulia mashuka haigusi kabisa, maana inakausha mpira. Nakubaliana naye kwa yote mawili.

(Weusi wa tairi ni masizi yaliyochanganywa kwenye mpira kuupa nguvu na kuukinga na jua. Zamani matairi yalikuwa na rangi ya kufifia, karibu na nyeupe, ndiyo maana yule mtu wa matairi wa kampuni ya Michelin, aliyechorwa mwaka 1898, ni mweupe hadi leo.)

Mwisho ni kupaka, na hapa ndipo anapowashinda wote niliowajaribu. Anasubiri tairi likauke kabisa. Kisha anachukua dawa ya maji, nyeupe kama maziwa, isiyo na petroli, anatia kidogo kwenye kipande cha sponji na kuzunguka herufi bila kuzipanda. Anaacha dakika kumi, anafuta ziada kwa kitambaa kikavu. Sehemu inayokanyaga barabara hapaki hata tone, kwa sababu tairi linateleza, na dereva mwenye wageni saba hana ruhusa ya kuteleza. Tairi halibaki liking'aa. Linabaki jeusi la kutulia, kama lilivyotoka dukani, na herufi zinasomeka ukiwa ng'ambo ya barabara.

Kipimo kilikuwa safari ya mbuga ya Kidepo. Siku tisa, nikipitia Kitgum kwenda na kurudi, vumbi likiingia hadi kwenye sanduku la chakula. Nilipofika nyumbani nilimwaga madumu mawili, nikasugua kwa sabuni ya unga ya kawaida, na herufi zikatoka nyeupe bila kukwangua. Vumbi halikuwa na mafuta ya kushikamana nayo. Kahawia ilianza kuonekana kwa mbali wiki ya tano.

Bei yake ni shilingi 12,000 kwa matairi manne, na 3,000 kwa la akiba. Ni ghali, maana pale pa zamani walikuwa wakiosha gari zima kwa hiyo 15,000, nami nalipa bila kinyongo. Ila kuna mambo lazima niyaseme. Anachukua saa moja na nusu, na hakuna pa kukaa isipokuwa kreti ya soda. Maji ananunua kwa dumu, kwa hiyo siku bomba la mtaa likikauka, hakuna kazi, na hana namna ya kukujulisha. Jumamosi usiende, foleni ni ndefu na mdogo wake ndiye anayeshika brashi. Mara ya tatu yule mdogo aliliachia la akiba kwenye povu la kahawia. Kaka yake aliliona kabla yangu, akalirudia bure, lakini nilichelewa uwanja wa ndege wa Entebbe kwa nusu saa na wageni walikuwa wameshatoka nje na mabegi yao.

Mkienda, nendeni Jumanne au Jumatano saa mbili asubuhi. Kama matairi yenu ni mapya na bado yana ule ubuluu, mwambieni mapema, maana anauanza kwa maji ya uvuguvugu na inabidi ayachemshe. Mimi nimenunua kopo langu la ile dawa ya maziwa na nimemwachia analiweka kibandani, limeandikwa namba ya gari langu kwa kalamu nyeusi.