Uzoefu wangu: ofisi ya wasanifu majengo Arusha na nyumba ya paa la kuficha

Ukitafuta msanifu majengo Arusha siku hizi, karibu kila ofisi itakuonyesha picha za kompyuta za nyumba ya paa la kuficha, yaani bati lililofichwa nyuma ya ukuta: ukuta mweupe, madirisha mapana, Mlima Meru kwa nyuma. Kwa picha peke yake huwezi kuwatofautisha. Ofisi iliyonichorea nyumba, ya hapa mjini, ilinishawishi kwa kabati lake la michoro. Wametunza kazi zao tangu enzi za kuchora kwa mkono, na wamerudi kwenye nyumba nyingi zikiwa zimeshakaliwa, wakaandika kwa kalamu nyekundu juu ya mchoro kilichoharibika: hapa gata (mfereji wa maji ya paa) lilifurika, hapa plasta ilipasuka, hapa dirisha linapitisha mvua. Historia ya namna hiyo ina faida kwa mteja, maana inaonekana kwenye mchoro wako.

Kabla ya mkataba kagua usajili wa pande zote mbili, ofisi yenyewe na msanifu atakayepiga muhuri, kwenye Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, inayosimamia fani hii kwa Sheria Namba 4 ya 2010. Michoro isiyo na muhuri huo itakukwamisha kwenye kibali cha ujenzi.

Sasa paa, ambako ndiko pesa za watu zinakoishia. Maji ya mvua yamewaumiza vichwa wasanifu wetu tangu mwanzo. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu wa kwanza Watanzania, alipobuni Soko Kuu la Kariakoo lililofunguliwa 1975, alilipa paa la miavuli ya zege iliyo wazi kwa juu, na mvua inashuka kwa mpangilio uliokusudiwa. Nyumba nyingi za paa la kuficha zinajengwa bila mpangilio wowote. Bati linaegemea ndani ya ukuta, maji yanakimbilia gata moja, na gata hilo fundi analipima kwa jicho.

Mchoro wa gata nilioupata ulikuwa kwa kipimo cha 1:10, ukurasa mzima. Hesabu yake iliandikwa pembeni: paa la mita za mraba 140, mvua kali ya milimita 100 kwa saa, hivyo lita 14,000 kwa saa, yaani kama lita 233 kila dakika. Gata la zege lina upana wa milimita 450, urefu mita 12, na mteremko wa 1:100. Kilele cha mteremko kipo katikati, kila upande unashuka milimita 60 hadi kwenye bomba lake la inchi 4. Lingeelekea upande mmoja tu, lingeshuka milimita 120, na upande wa chini ungedai ukuta mrefu zaidi. Kisha kuna tundu la dharura linalotoboa ukuta wa nje, milimita 50 chini ya ncha ya bati. Tundu hili ndilo mafundi wanaliacha, eti linaharibu sura ya nyumba. Majani ya mgrevilea au mjakaranda yakiziba bomba, maji yasiyo na njia nyingine yanapanda, yanapita chini ya bati na kumwagikia kwenye jipsamu. Tundu likitoa maji, mwenye nyumba anayaona nje ukutani na anajua bomba limeziba.

Niliomba paa lilazwe zaidi ili ukuta wa kuficha uwe mfupi. Walikataa kwenda chini ya digrii 10. Kwa upana wa mita 6, paa linapanda mita 1.06, ndiyo maana ukuta wetu ni mrefu kuliko wa jirani. Naona walikuwa sahihi: bati likilala mno, maji yanatembea polepole na upepo unayarudisha kwenye maungio.

Paa la kuficha lina hasara nyingine ambayo watu hawaitaji: halina upenu. Ukuta unalowa, jua linaingia moja kwa moja. Madirisha yetu makubwa yanatazama kaskazini, uliko mlima, na kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana linakuwa upande huohuo. Arusha ipo karibu digrii 3.4 kusini mwa ikweta, hivyo mchana wa Juni jua liko kama digrii 63 juu ya upeo wa macho. Waliweka kofia ya zege inayotokeza milimita 600 juu ya kila dirisha, na kivuli chake saa sita na nusu kinafika kama mita 1.18 chini. Kwenye tumbo la kofia, milimita 25 kutoka ukingoni, kuna mfereji mdogo wa milimita 15. Bila mfereji huo tone linatambaa chini ya zege hadi kwenye fremu. Mfereji ni ubao mwembamba tu unaopigiliwa kwenye boksi la mbao la kumwagia zege kabla ya kumwaga zege; baada ya hapo ni kuchonga, na kuchonga hakutoki vizuri.

Upande wa uimara, mhandisi wao alichora mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima juu ya lenta: nondo 4 za milimita 12, ringi (vyuma vya kuzifunga nondo hizo pamoja) za milimita 8 kila milimita 200. Tupo karibu na Bonde la Ufa. Matetemeko ya Gelai, mlima ulio karibu na Ziwa Natron, ya Julai 2007 yalisikika hadi hapa mjini. Fundi wetu alianza kuunganisha nondo kwa futi moja na kuzikatia kwenye kona. Mchoro ulidai milimita 600 za kupishana, yaani mara 50 ya unene wa nondo, na kwenye kila kona nondo ya kukunja yenye milimita 600 kila upande. Kona zisiposhikana, kuta mbili zinaachana. Msanifu alisimamisha zege hadi nondo ziliporekebishwa, na siku ile tu nililipia usimamizi kwa moyo mweupe.

Kuhusu usimamizi, usilipe kwa mwezi. Sisi tulifunga malipo hayo kwa hatua: msingi kabla ya zege, lenta, mkanda, gata kabla ya plasta. Kila ukaguzi unaandikwa, fundi anasaini, nakala inabaki saiti.

Lawama ninayo. Michoro ya umeme na maji taka ilichelewa, kuta zikawa zimeshapanda, na mafundi wakachimba tofali kupitisha mabomba. Pia orodha ya vifaa na gharama haikuwa ndani ya bei. Inafanywa na mkadiriaji majenzi kwa malipo yake, na hawakulisema mapema. Ukisaini nao, andika kwenye mkataba kwamba seti yote, umeme na maji pamoja, inakabidhiwa kabla ya jamvi (zege la sakafu) kumwagwa, na zuia sehemu ya malipo hadi uipate mkononi.