Injini ya L24 ya Datsun 240Z iliyogonga: je, seti ya ovahoo inatosha?

Habari za wakati huu, wadau wa magari ya zamani. Mezani leo kuna vitu viwili. Huku ni injini ya L24 iliyotolewa kwenye Datsun 240Z ikiwa inagonga chini. Huku ni boksi la seti ya ovahoo, yaani vipuri vya kuifungua na kuiunga upya injini, zile zinazouzwa mtandaoni zikiitwa kamili: ringi, beringi kuu za kranki, beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), gasketi zote, sili, cheni ya taimingi pamoja na tensheni (kikaza cheni) na reli zake. Tunachotaka kujua ni kama boksi hili linatosha kuirudisha injini hii barabarani. Jibu fupi: baadhi ya vilivyomo ni vizuri, vingine havifungwi mpaka vipimwe, na viwili vitatu mimi sifungi kabisa. Tuanze na injini yenyewe, maana beringi haijiui, kuna kilichoiua, na kilichoiua hakimo kwenye boksi.

Gari hili Afrika Mashariki halihitaji kutambulishwa sana. Lilishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, likashinda tena 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Injini ni silinda sita za mstari mmoja, ujazo wa sisi (cc) 2,393, tundu la silinda milimita 83, mwendo wa pistoni milimita 73.7. Bloki ni chuma, hedi ni aluminiamu, kamshafti moja juu, na kranki imelalia beringi kuu saba. Ni injini ngumu kweli. Ikifa, tafuta kwanza kwenye oili na maji kabla ya kusingizia umri.

Sasa, mlio. Kabla hujashika spana, sikiliza. Beringi ya konrodi inagonga kwa ukali ukishikilia mizunguko kama 2,000 hadi 2,500 kwa dakika kisha ukaachia mafuta ghafla. Chomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine: silinda ambayo ukiiua mlio unapungua, ndiyo yenye ugonjwa. Beringi kuu ina mlio mzito wa ndani zaidi, unaozidi injini ikibeba mzigo. Pistoni iliyolegea hupiga asubuhi injini ikiwa baridi na kunyamaza ikipata moto. Tiki-tiki nyepesi ya juu, hiyo ni valvu, usiifungulie injini nzima. Na ukishathibitisha kwamba ni konrodi, zima. Usiiwashe tena ili fundi mwingine naye asikie. Kila dakika ya kugonga inakula kranki, na kranki ndiyo ghali.

Kisha toa filta ya oili, uikate kwa mkasi wa bati. Usitumie msumeno, maana vumbi la msumeno litachanganyika na ushahidi. Nyoosha ile karatasi, ipitishie sumaku. Kinachonasa ni chuma: kranki, ringi au kamshafti. Kisichonasa na kina rangi ya kijivu ni tabaka la juu la beringi. Kikiwa na rangi ya shaba, tabaka la juu limekwisha na beringi imefika chini kabisa. Hii ya hapa mezani ilikuwa na shaba nyingi.

Pima kompresheni pia kabla ya kuteremsha injini: plagi zote nje, throto wazi kabisa, betri imejaa. L24 yenye afya inatoa karibu PSI 170 hadi 185. Lakini tazama zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imepasuka katikati yake. Moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Ikibaki palepale, ni valvu.

Tumefungua, na beringi ya konrodi ya silinda ya tano imezunguka ndani ya makazi yake. Swali ni kwa nini. Wasababishi wakubwa kwenye injini hii ni watatu, na hapa nitakaa kidogo.

Wa kwanza ni petroli ndani ya oili. Hizi kabureta mbili za Hitachi, muundo wa SU, zina sindano ya floti. Ikikwama, petroli inafurika, inapita kwenye ringi na kushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Pampu ya petroli ya asili nayo inasukumwa na kamshafti, imefungwa mbele kwenye hedi, na diaframu yake ikitoboka petroli inaweza kuingia ndani ya injini. Nusa dipstiki. Na oili ikionekana kuongezeka bila mtu kuijaza, usishukuru, mara nyingi ni petroli. Oili iliyoyeyushwa haibebi kranki.

Wa pili ni sampu iliyobonyea. Gari linagonga jiwe, bati linaingia ndani na kusogelea chujio la pampu, na ule mwanya wa kufyonzea oili unabana. Presha inaonekana sawa ukiwa umesimama, kumbe kwenye mizunguko ya juu beringi zina njaa. Ndiyo maana gari la kukimbizwa njia mbaya linafungwa ngao chini. Laza rula juu ya sampu kabla hujairudisha.

Wa tatu ni maji kwenye oili kutoka gasketi ya hedi, ile rangi ya chai ya maziwa. Hapa lazima upime ubapa wa hedi. Kitabu cha ufundi cha gari kinaruhusu kupinda hadi milimita 0.1, zaidi ya hapo inakwenda kusagwa.

Kutoa hedi yenyewe kuna mtego unaojulikana kwa kila aliyezoea injini za L. Kabla hujafungua gia ya kamshafti, chomeka kabari ya mbao katikati ya cheni, uishindilie chini. Bila kabari, tensheni inachomoka upande wa chini na utalazimika kufungua kifuniko chote cha mbele. Bolti za hedi ni za kichwa cha aleni milimita 10, zina urefu wa aina mbili, ziandike mahali pake. Zile nguzo zinazoshika kamshafti usizifungue bila sababu. Zilitobolewa zikiwa zimefungwa kwenye hedi hiyohiyo, ukizisogeza kamshafti inabana.

Sasa fundi wa mashine. Kranki inapimwa kwa maikromita. Shingo kuu ni karibu milimita 55, za konrodi karibu 50. Ikikwaruzwa inasagwa kwa hatua za milimita 0.25. Mkumbushe fundi abakize ile duara ndogo kwenye kona ya shingo. Kona kali ndiyo inayoanzisha ufa. Konrodi iliyozungusha beringi mara nyingi imeiva rangi ya buluu na tundu lake si duara tena. Mimi naitupa na kutafuta nyingine ya L24, urefu milimita 133, yenye uzito unaokaribiana na wenzake. Toa pia vizibo vyote vya njia za oili kwenye bloki, upitishe brashi. Vile vipande vya shaba vimelala humo, na ukiviacha beringi mpya itakufa kwa ugonjwa uleule.

Na hapa ndipo boksi linapoanza kupoteza alama. Beringi zake ni standadi, ringi zake ni za milimita 83. Kranki yetu inasagwa milimita 0.25 chini, silinda zinapanuliwa hadi 83.5. Kwa hiyo nusu ya boksi haina kazi tena. Pima kwanza, nunua baadaye. Muuzaji yeyote anayekuambia uchukue seti kabla hujapima, anauza boksi.

Gasketi ya hedi iliyomo ina tundu pana linalofaa L28, ndugu mkubwa wa injini hii, ambayo silinda zake ni milimita 86. Itaziba, ndiyo, lakini inaacha pete ya nafasi tupu kuzunguka kila silinda. Tafuta ya saizi yako. Cheni na reli ni nzuri, nazifunga. Tensheni nayo iko sawa. Sili za nyuma ni sawa pia, ila usisahau zile sili mbili za pembeni za kifuniko cha nyuma cha kranki, watu huziacha kwenye karatasi kisha wanashangaa oili inadondokea klachi. Pampu ya oili haimo kabisa. Pampu iliyomeza shaba usiirudishe. Ile ya 280ZX ya turbo, gari la baadaye la ukoo huu, inakaa bila kubadilisha kitu na inatoa oili nyingi zaidi.

Kuunga: nafasi ya beringi ipime kwa plastigeji, ule uzi laini unaobanwa ndani ya beringi ili upana wake uonyeshe nafasi. Karibu milimita 0.05 ni pazuri kwa kranki kuu. Ringi ziingize ndani ya silinda moja moja, zisukume kwa pistoni zikae sawa, upime mwanya. Milimita 0.3 hadi 0.4 kwa tundu hili. Pistoni alama mbele, na kitundu cha oili cha konrodi kitazame upande wa kulia wa injini. Vifuniko vya kranki vinakazwa nyutoni-mita 45 hadi 55. Nati za konrodi pima bolti kwanza: za milimita 9 ni 45 hadi 55 pia, za milimita 8 ni karibu 30 tu. Ukizikaza za 8 kwa kipimo cha 9 unazivuta. Baada ya kila kifuniko zungusha kranki kwa mkono. Ikigoma, rudi ulichokifunga mwisho.

Matundu ya bolti za hedi yasafishe na kuyakausha. Hayana mlango chini, na oili iliyonaswa humo inaweza kupasua bloki au kukudanganya kwenye spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza). Kaza toka katikati kwenda nje, nyutoni-mita 40, kisha 60, kisha kipimo cha kitabu cha mwaka wa gari lako. Kama bloki ilisagwa juu, kifuniko cha mbele kisagwe nacho kipimo kilekile, la sivyo kona ile itavuja milele. Kama hedi ilisagwa, kamshafti imesogea karibu na kranki na taimingi imechelewa. Gia ya kamshafti ina matundu matatu kwa ajili hiyo. Hamia namba 2, unapata digrii 4 za kranki.

Kila roka (mkono unaosukuma valvu) irudi kwenye uvimbe wake wa zamani wa kamshafti. Nafasi ya valvu injini ikiwa baridi: ingizo milimita 0.20, ekzosi 0.25. Lile bomba jembamba linalonyunyizia kamshafti oili, kama hedi yako inalo, lipulize tundu kwa tundu.

Kuwasha: jaza pampu oili kabla hujaifunga, toa plagi, zungusha kwa stata mpaka geji ya presha inyanyuke. Ndipo plagi zirudi. Kamshafti ikiwa mpya au imechongwa upya, tumia oili yenye zinki ya kutosha, shikilia mizunguko 2,000 kwa dakika 20, usiiache kwenye silensa, yaani ikinguruma taratibu bila kukanyagiwa mafuta. Ikipoa, kata filta tena. Injini ikiwa ya moto, valvu zirekebishwe 0.25 na 0.30, na oili hiyo ya kwanza imwage kabla gari halijatoka getini.