Sport baiki za kati (600 hadi 700 cc) kwa barabara za Uganda: hivi ndivyo nazipanga

Mtu akitaka kununua sport baiki, yaani pikipiki yenye umbo la mashindano, anauliza inapiga spidi ngapi, halafu anauliza ina HP (nguvu za farasi) ngapi, basi pesa inatoka. Mimi ningeanza na swali lingine kabisa: hiyo nguvu inakuja RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ngapi? Maana ukitoka Ntinda kwenda Wandegeya saa mbili asubuhi RPM 10,000 hutaiona labda umeweka nyutro unawaringia watu wa stage ya boda, na ukishaingia barabara ya Masaka au Fort Portal kuna matuta kila trading senta, kuna ng'ombe, kuna taksi inasimama bila indiketa, kwa hiyo unataka mashine inayovuta ukiwa chini, gia ya tatu au ya nne, bila kuipigisha kelele ndio iamke.

Kuna na hili la mwinuko. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari na injini isiyo na tabo ikiwa hapo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake, ukipanda mpaka Kabale kwenye mita kama 2,000 unakaribia kupoteza sehemu moja kwa tano, hewa imepungua na kompyuta ya mafuta inaweza kurekebisha mchanganyiko tu, hewa haiwezi kuiongeza. Namba zote nitakazotaja hapa ni za kiwandani, za usawa wa bahari, kwa hiyo punguza kichwani unavyosoma.

Namba moja kwangu ni Honda CBR650R. Najua wako watakaocheka, eti hiyo sio supasport (sport baiki kali iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano) ya kweli, na ni kweli sio. Ilitoka 2019, ina silinda nne, HP kama 95, nguvu ya kuvuta Nm 64, uzito unapita kilo 200 kidogo, na kiti milimita 810 ambacho mtu wa urefu wa kawaida anakanyaga chini bila kucheza baleti. Ile sauti ya silinda nne ambayo ndio nusu ya sababu watu wananunua hizi vitu unaipata, ABS (breki zisizofunga tairi) na trakshoni kontroli (inayozuia tairi ya nyuma kuteleza) zipo, na mikono ya usukani haiko chini sana, yaani unatoka Kampala unapita Mabira mpaka Jinja na bado una viganja vya kushikia kuku wa kuchoma pale soko la Namawojjolo ukirudi. Ubaya wake? Nzito kwenye jamu, na ukitaka kwenda nayo trak (uwanja wa mashindano) kupimana na wenye 600 za kweli watakuacha, hilo ujue mapema usije ukalia.

Ya pili ni Kawasaki Ninja 650, hasa kama ndio unatoka kwenye Boxer ya boda na hujawahi kuendesha kitu kikubwa. Silinda mbili, HP 68 hivi, kilo kama 193, kiti milimita 790. Hiyo 68 inaonekana ndogo kwenye karatasi lakini nguvu yake ya kuvuta inafika juu kabisa kwenye RPM 6,700, pale pale unapoendeshea kila siku. Halafu injini yake ni ile ile ya Versys 650 na Z650, kwa hiyo fundi aliyewahi kufungua Versys hii haimtishi. Na tairi ya nyuma ina upana wa milimita 160 wakati hizi zingine zote zinatumia 180, pesa yake utaiona siku ya kubadilisha.

Sasa kama damu inachemka na lazima iwe supasport ya kweli, namba tatu, Kawasaki ZX-6R ya 636. Zile cc 37 za ziada zinaleta tofauti katikati, hapo ndipo 599 za wengine zinakaa zimelala. HP karibu 130, Nm zaidi ya 70, na kuanzia 2019 ina kwikishifta ya kupandisha gia bila klachi. Ila hakikisha ni yenye ABS, kuna masoko iliuzwa bila ABS, na mtu akikuletea ya huko atakuambia "wewe hii ABS ya nini, we ni mwanaume". Mvua ya Aprili ikimwaga udongo mwekundu juu ya lami utajua ya nini.

Yamaha R7 naiweka ya nne na inaniuma kidogo, maana injini yake ndiyo naipenda kuliko zote hapa: silinda mbili, 689 cc, HP 73, Nm 67 kwenye RPM 6,500, na klirensi (nafasi) za valvu za injini zinaangaliwa kila kilomita kama 40,000. Shida ni kikao. Mikono ya usukani iko chini, kiti kiko juu (milimita 835), tangi ni lita 13 tu, kwa hiyo una injini ya kusafiri kwenye mwili wa trak. Kama viganja vyako ni vigumu ipandishe mpaka ya pili, sitabishana.

Honda CBR600RR ya mtumba ni nzuri, imara, ila egzosi inapita chini ya kiti na kwenye jamu ya Jinja Road makalio yatakuambia. Suzuki GSX-R600 kuanzia 2011 ina breki za Brembo na saspenshoni nzuri, haina ABS, basi.

Ya mwisho, nisameheni, ni Yamaha R6. Ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho, kwenye trak ni moto, na sauti yake ikifika RPM 14,000 hata asiyependa pikipiki anageuka. Lakini nguvu yake ya kuvuta inafika kilele kwenye RPM 10,500, gia ya kwanza peke yake inapita kilomita 100 kwa saa, kiti milimita 850. Utaishi Kampala kwenye gia ya kwanza unachoma klachi. Ya barabarani iliachwa baada ya 2020, kwa hiyo utakayopata ni ya mtumba, na nyingi zimeshaanguka sehemu. ABS imeanza na ya 2017, zilizotangulia hazina.

Yoyote utakayochagua, chini kuna nafasi ya sentimita kama 13 tu, hayo matuta marefu ya vijijini panda kwa pembeni polepole. Kwenye barabara mpya ya Entebbe, ile ya kulipia, mnaruhusiwa kuingia mkiwa juu ya 400 cc.

Ukienda kuiangalia pindua usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, angalia kile kichuma cha kuzuia kwenye fremu kama kimevunjika au kimechomelewa, hapo ndipo ajali inajificha hata plastiki zikiwa mpya. Pitisha kidole kwenye foku (zile nguzo mbili zinazoshika tairi ya mbele), kikitoka na oili sili zimekufa. Kwenye tairi tafuta namba nne za mwisho za DOT (maandishi ya kiwandani ubavuni mwa tairi), 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019, na tairi ya hivyo hata kama ina meno yote ni ya kutupa, kwa hiyo pesa ya jozi mpya itoe kwenye bei kabla hamjaelewana. Na namba ya fremu isome wewe mwenyewe na logbuku mkononi, usisomewe.