Uzoefu wangu: Keycloak kwenye Docker, ofisi ya utalii Arusha

Kama ofisi yenu ina programu kadhaa na watu wanaokuja na kuondoka kila msimu, sakinisheni Keycloak. Ni seva ya kuingilia: mfanyakazi anaandika nywila mara moja, na programu zote zinamtambua. Haina ada ya leseni. Toleo la kwanza lilitoka 2014 chini ya Red Hat, na tangu 2023 mradi uko CNCF, taasisi inayolea miradi huria ya programu kama Kubernetes.

Nahudumia kampuni ya safari hapa Arusha. Wageni wakianza kumiminika Juni tunaongeza madereva na watu wa kupokea oda. Masika yakiingia, wengi wanarudi makwao. Zamani kila aliyeondoka aliacha akaunti kwenye mafaili ya pamoja, kwenye mahesabu na kwenye ratiba za magari, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba zote zimefungwa. Sasa nazima akaunti moja na kumtoa kwenye vifaa vyote alivyoingia. Kwa hilo tu, kazi yote ya kusakinisha imelipa.

Docker huendesha kila programu ndani ya boksi lake, yaani kontena. Zangu ni tatu, zimeelezwa kwenye faili moja la Docker Compose: Keycloak, PostgreSQL (hifadhidata), na Caddy, seva inayopokea wageni mbele yao kwa ajili ya https. Amri ya start-dev inawaka haraka na inavutia, lakini ni ya majaribio. Watumiaji wanahifadhiwa ndani ya kontena lenyewe, ukilifuta nao wamekwenda. Kwa kazi halisi tumia start, taja KC_HOSTNAME (anwani ya seva yako), na weka KC_PROXY_HEADERS iwe xforwarded, la sivyo Keycloak haitajua kwamba mtu amekuja kwa https na utahangaika na kurasa zisizofunguka. Eneo (realm, yaani kundi la watumiaji na programu zao) la master waachie wasimamizi. Fungua jingine la kampuni. Kontena la Keycloak lipe kumbukumbu ya GB 2.

Umeme wetu mnaujua. Andika restart: unless-stopped kwenye kila kontena ili ziwake zenyewe, na uiagize Keycloak isubiri mpaka hifadhidata iwe tayari. Halafu kagua betri ndogo ya saa ndani ya mashine. Ikiwa imekufa, umeme ukirudi seva inaweza kuamka na tarehe ya zamani, na misimbo ya simu, ile ya kuthibitisha mtu baada ya nywila, ikakataliwa yote, kwa sababu hubadilika kila sekunde 30 kwa kufuata saa.

Misimbo hiyo ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Inatengenezwa ndani ya simu, haihitaji SMS wala bando. Dereva mwenye laini isiyoshika anasoma tarakimu zake 6 palepale kwenye kompyuta ya ofisi na kuingia.

Seva yetu iko ofisini, kwa hiyo intaneti ikikatika mjini watu wa ndani wanaendelea na programu zetu za humohumo. Aliyeko Seronera, kule Serengeti, na simu yake, siku hiyo haingii. Sisi tumelikubali hilo kwa kuwa kazi nyingi hufanyika mezani. Kampuni ambayo watu wake wengi wako porini, ningeiambia ikodi seva ya nje na kuweka kontena hizihizi huko, na nakala ya hifadhidata ishushwe Arusha kila usiku kwa pg_dump, amri ya PostgreSQL ya kutoa nakala.