Huduma ya sampuli za uhakiki: nyota mbili kati ya tano

Leo sihakiki diski wala hedifoni. Nahakiki huduma inayozileta mezani kwangu, yaani dawati la sampuli la watengenezaji. Kwa upande wa kasi sina neno: kifaa kinafika kabla hakijaingia sokoni, kimefungwa vizuri, na kibandiko cha "Si ya kuuzwa" ubavuni. Nyota mbili ni za hapo tu.

Kazi iko mlangoni. Fomu ya mwisho niliyojaza iliuliza nina wasomaji wangapi kwa mwezi, wako nchi gani, na viungo vya hakiki zangu za nyuma. Ninapima vipi? Haikuuliza. Sishangai, maana sampuli ni chache na zinatoka kwenye fungu la masoko. Mwenye wasomaji wengi anatangulia, au mwenye wachache ambao ndio wanunuzi wenyewe. Jarida dogo la wapigapicha linaweza kupata kamera mpya mapema kuliko gazeti kubwa. Hilo nalikubali. Kuheshimu embago (yaani kutochapisha hakiki kabla ya tarehe aliyoweka mtengenezaji) na kurudisha kifaa cha mkopo kikiwa kizima navyo vinahesabiwa, na ni haki.

Kigezo kisichoandikwa kwenye fomu ni ulichosema mara iliyopita. Niliwahi kuandika kwamba feni ya kompyuta fulani inanguruma kama mashine ya kusaga. Toleo lililofuata la kompyuta hiyo lilipokuja, barua pepe zangu hazikujibiwa. Hakuna anayekufukuza; jina linashuka tu kwenye orodha. Desemba 2020 Nvidia, watengenezaji wa chipu za michoro za kompyuta, ililiweka jambo hilo kwenye maandishi: iliwaambia Hardware Unboxed, chaneli ya YouTube ya wahakiki wa Australia, kwamba haitawapelekea tena kadi zake za michoro za Founders Edition, kwa sababu hawakuipa teknolojia ya kufuatilia miale ya mwanga (ray tracing, inayofanya mwanga na vivuli kwenye gemu vionekane halisi) uzito iliotaka. Watu wakaja juu, na baada ya siku chache kampuni ikaomba radhi.

Halafu, kilicholetwa ndicho atakachouziwa msomaji? Mwaka 2016 tovuti ya uhakiki ya TechPowerUp ilibaini kwamba kadi za michoro za MSI na ASUS walizopelekewa wahakiki zilikuwa zimewekewa kasi ya juu kidogo kuliko za dukani. Ni kidogo, ndiyo, ila kwenye chati ambako kadi zinafukuzana, kidogo hicho kinapandisha mtu nafasi.

Consumer Reports, shirika la Marekani la kupima bidhaa kwa niaba ya wanunuzi, lililoanzishwa 1936, hununua dukani linachokipima. Mfuko wangu hauruhusu. Kwa hiyo kifaa cha mkopo nakitaja kwenye mstari wa kwanza wa hakiki, na ule mwongozo wa mhakiki unaokuja na boksi, wenye majaribio "yanayopendekezwa", siufungui mpaka nimalize vipimo vyangu. Wa juzi ulipendekeza ninakili mafaili madogo madogo. Mimi nilikuwa nimeshanakili faili moja kubwa, na diski ikaishiwa pumzi kabla ya kufika nusu. Jina lake nitalitaja embago ikiisha.