Hedfoni za gemu za vita: kagua waya kabla ya kuuliza bei

Malalamiko ninayotumiwa kila wiki yanafanana: "Dada, sikio la kushoto limekufa." Hedfoni imenunuliwa juzi tu, boksi bado liko juu ya kabati, na tayari sauti inatoka upande mmoja, au inarudi pale unapokunja waya na kuubana kwa kidole. Wengi hudhani spika imeungua. Mara nyingi spika ni nzima kabisa. Kilichokatika ni waya, pale unapoingia kwenye pini au unapotokea kwenye kikombe cha sikio, na kwa kuwa waya wenyewe hauchomoki, hedfoni nzima inaishia jalalani.

Linaniuma kwa sababu kwenye gemu za vita za sasa, sikio ndilo linalokuweka hai. Zamani haikuwa hivyo. Wolfenstein 3D ya 1992 au Doom ya 1993 ungeweza kuicheza umezima sauti na ukafika mwisho: adui huyo mbele yako, piga, songa. Counter-Strike, iliyoanza mwaka 1999 kama nyongeza iliyotengenezwa na mashabiki juu ya gemu ya Half-Life, ikatufundisha adabu nyingine. Ukikimbia unasikika, ukinyata husikiki, na mechi inaweza kuamuliwa na hatua tatu za mtu aliyesahau kunyata. Call of Duty 4 ya 2007 ikautoa mfululizo wake kwenye Vita Kuu ya Pili na kuuleta kwenye vita vya leo, na vijana wengi waliokulia kwenye vibanda vya gemu waliingilia hapo. Kisha ikaja Rainbow Six Siege ya 2015, ambayo sauti yake husafiri kwa kupita milangoni na kwenye matundu. Mtu akitoboa ukuta, hatua ulizokuwa unazisikia kutokea mlangoni zinahamia kwenye tundu hilo. Mwaka 2016 Counter-Strike: Global Offensive nayo ikaongezewa mahesabu ya kukusaidia kujua adui yuko ghorofa ya juu au ya chini, na kwa hayo spika mbili za hedfoni ya kawaida zinatosha.

Sasa chukua gemu kama hiyo uicheze na sikio moja. Adui wote wanakuwa upande wa kulia. Unageuka, unapigwa mgongoni.

Ndiyo maana hapa sipangi hedfoni kwa taa, kwa rangi wala kwa "7.1" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, yaani sauti ya kuiga spika nane zinazokuzunguka. Ndani ya hedfoni yenyewe kwa kawaida mna spika mbili tu, na gemu nyingi nzuri zinapiga hesabu ya mielekeo zenyewe, kwa hiyo 7.1 ukiiwasha juu yake unavuruga. Mimi naangalia jambo moja kwanza: waya unachomoka au hauchomoki?

Nafasi ya kwanza naipa HyperX Cloud Alpha, ile ya waya, na sifichi kwamba naipenda. Fremu yake ni ya alumini, maiki inachomoka, na waya unachomoka kwenye kikombe cha kushoto. Ndani ya boksi kuna waya mwingine wa kuunganishia wenye pini mbili, moja ya sauti na moja ya maiki, kwa kompyuta za mezani zenye matundu mawili. Hatua za adui zinasikika zimejitenga na mlio wa bunduki, hata bomu likilipuka karibu. Waya ukikatika, unang'oa, unaweka mwingine, unaendelea na mechi. Ila msikilize vizuri muuzaji anakupa ipi. Ipo Cloud Alpha Wireless, nzuri na betri yake inasifika kwa kukaa saa 300, lakini haina pa kuchomeka waya, na siku betri itakapochoka hutakuwa na pa kukimbilia.

Ya pili ni Logitech G Pro X ya waya. Nayo waya unachomoka, inakuja na kadi ndogo ya sauti ya USB, na kuna sponji za akiba za kitambaa. Kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa sponji hizo si anasa, maana ngozi ya bandia ikilowa jasho kila siku huanza kubanduka na kukuachia magamba meusi shingoni. Ingekuwa ya kwanza kama isingebana kichwa namna ile. Anayevaa miwani ataisikia kabla ya saa kuisha.

Ya tatu inanisikitisha. Razer BlackShark V2 ni nyepesi, na mielekeo ya sauti inaipanga vizuri sana, lakini waya umeunganishwa moja kwa moja ndani. HyperX Cloud II ina kasoro hiyo hiyo, na naishusha hivyo hivyo japo ni ya kampuni niipendayo. Fundi anaweza kujaribu, ndiyo. Lakini mtazame anavyohangaika: nyuzi za shaba za ndani ni nyembamba kama unywele, zimepakwa vanishi na kuchanganywa na nyuzi za nailoni, na lehemu haishiki mpaka vanishi iungue kwanza. Asiyelijua hilo anakurudishia kitu kitakachokatika tena kabla ya mwezi kwisha.

Za bei ya chini zenye taa: pini ya USB mara nyingi ni ya kuwasha taa tu, na waya hauchomoki. Kwa PUBG Mobile au Call of Duty: Mobile, earphone za waya zilizokuja na simu zinakutosha. Za bluetooth nyingi zinachelewesha sauti, unasikia risasi ukiwa umeshakufa.

Na wauzaji jamani. Mtu anapiga picha ya hedfoni, anaitundika mtandaoni, ukiuliza bei anakujibu "njoo DM". Bei ni ya siri kwa nini? Ukienda dukani, boksi halifunguliwi mpaka ulipe, na ukishalipa unaoneshwa maandishi ya kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Unauliza kama waya unachomoka, unajibiwa "dada, hii original, vijana wote wanachukua hii". Hilo si jibu. Kinachoniudhi zaidi ni waya za akiba. Duka lina ukuta mzima wa hedfoni, lakini waya mmoja wa kubadilisha hawana na hawana mpango wa kuuleta, kwa sababu mteja mwenye waya uliokatika atanunua hedfoni nyingine. Pesa ya mtu aliyejinyima miezi inageuzwa mtego.

Kwa hiyo fanya hivi. Sisitiza boksi lifunguliwe mbele yako. Chomeka kwenye simu yako, cheza kitu chenye sauti inayohama kushoto na kulia, halafu tikisa waya taratibu karibu na pini na karibu na kikombe. Sauti ikikatakata, rudisha hapo hapo. Akikataa kufungua, toka na pesa yako.

Waya wa akiba utafute siku hiyo hiyo, ukiwa na hedfoni mkononi. Pini zake ziwe na mistari mitatu myeusi pande zote mbili. Ya mistari miwili itakupa sauti lakini maiki haitafanya kazi. Shingo ya pini iwe nyembamba, kwa kuwa tundu la Cloud Alpha limezama ndani na pini nene inagota ukingoni. Iingize mpaka ikae, kisha jirekodi sauti kwa simu na uisikilize kabla hujatoa hela.