Uzoefu wangu: matembezi ya njia ya reli ya zamani, Ngome Kongwe hadi Bububu

Mimi ni mwalimu wa historia katika skuli moja ya sekondari wilaya ya Chake Chake. Mwezi uliopita niliwavusha wanafunzi 22 wa kidato cha tatu kwa boti kutoka Mkoani hadi Unguja, ili wafuate kwa miguu njia ya gari la moshi la zamani chini ya mwongozaji wa kulipwa. Darasani tulikuwa kwenye mada ya barabara na reli za kikoloni, na nilichoka kuwaona vijana wakiikariri kama orodha ya miaka. Tulilipa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, walimu wawili tukasamehewa, na shughuli ilipangwa kuanza saa mbili na nusu asubuhi hadi adhuhuri.

Anayetarajia kuona vyuma atavunjika moyo, na ni vyema alijue hilo kabla ya kulipa. Reli ile ya maili saba, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kuanza kazi mwaka 1905, iliacha kuchukua abiria katika miaka ya 1920 na ikang'olewa zamani. Kwa sehemu kubwa ya safari mtu anatembea kando ya lami, daladala za 502 zikimpita. Kinacholipiwa hapa ni maelezo ya mwongozaji, na maelezo yenyewe, kwa sehemu kubwa, yana thamani kuliko fedha tuliyotoa.

Tulipofika Mtoni alitukalisha kivulini, akatandaza juu ya baraza ramani ya Afrika Mashariki isiyokuwa na reli wala majina ya miji ya bara, akaikandamiza kwa mawe manne. Alimpa mwanafunzi wangu mmoja uzi mwekundu, akamwambia autoe Mombasa aupeleke Ziwa Victoria, kama ilivyokwenda Reli ya Uganda ya Waingereza, kwa njia anayoona inafaa. Msichana akauvuta ukanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mwongozaji akaulegeza, akaanza kuuchomeka kwa pini moja moja huku akitoa sababu ya kila pini: hapa ni nyika ya Taru, hakuna maji, kwa hiyo reli iliyokwisha kutandikwa ndiyo iliyowapelekea mafundi maji ya kunywa, hapa ni uwanda wa Nairobi, reli ilifika mwaka 1899, na palichaguliwa kwa kuwa ndipo mahali pa mwisho penye tambarare ya kutosha kabla ya kupanda milima, hapa inateremka Bonde la Ufa, kisha inaupanda Mau, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ndipo iteremke hadi Kisumu, ilikofika Desemba 1901. Mwishowe aliuchomoa uzi, akaupima kwa rula mbele yao. Hakuna aliyehitaji tena kuambiwa kwa nini kazi ile iligharimu zaidi ya pauni milioni tano, ikahitaji wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na ikaua karibu 2,500 miongoni mwao.

Kisha aliurudisha uzi mahali pake, akasema, "Haya, wanangu, milima tumeimaliza. Sasa niambieni, hapa palikuwa na nani?" Aligawa vikaratasi, wakaandika Wataita, Wakamba, Wakikuyu, Wamasai, Wanandi, Wajaluo, na kila mmoja akaweka chake chini ya uzi. Walipomaliza, karibu urefu wote wa uzi ulikuwa juu ya jina la watu. Nimefundisha mada hii miaka kumi na moja, na sijawahi kuiona ikaeleweka kwa wepesi namna ile.

Hapo ndipo alipoleta jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kuliunganisha. Neno hongo, ambalo kwetu leo ni rushwa, katika zama za misafara lilikuwa ni ada ambayo mfanyabiashara aliyetoka pwani alimlipa mtawala wa kila nchi aliyopita, kwa nguo, shanga au waya. Msafara ulilazimika kusimama, kubisha hodi na kukubaliana. Aliyepanga reli hakuwa na haja hiyo: wapimaji wa mwaka 1891 na 1892 walipita wakitafuta mwinuko unaofaa na maji, na idhini ikatafutwa London. Hata sisi wa visiwani tumo, kwa kuwa ukanda wa pwani wa maili kumi ambamo uzi ule ulianzia ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Arthur Hardinge, kamishna wa kwanza wa himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, ndiye huyo huyo aliyekuwa balozi mkuu wa Uingereza hapa mjini Unguja.

Kijana mmoja akauliza, "Mzee, hao Wamasai waliulizwa?" Mwongozaji hakumjibu kwa mkato. Alieleza mkataba wa 1904 uliowaondoa Bonde la Ufa, jirani na reli, kisha ule wa 1911 uliowahamisha tena kutoka Laikipia, na namna walivyokwenda mahakamani kuupinga na kesi yao ikatupwa mwaka 1913. Akaeleza pia Wanandi, waliopigana kwa miaka kumi hivi, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905 katika mkutano alioitiwa kwa jina la amani. Vijana walinyamaza kimya.

Kasoro zipo, na nazitaja kwa kuwa nataka huduma hii idumu. Gari la kuturudisha mjini lilichelewa dakika arubaini, nasi tumesimama juani Bububu na watoto wana kiu, maji hayamo katika malipo. Reli za Wajerumani zilipitiwa mbio mno, ilhali ile iliyoanza Tanga mwaka 1893 na ile iliyoondoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914 ndizo zilizopita katika ardhi ya Tanzania, na mtihani hauzisahau.

Lililonisumbua zaidi ni kwamba tuliambiwa, kama jambo lisilo na shaka, kuwa mji wa Bububu umepata jina kutokana na mlio wa gari la moshi. Maelezo hayo ni matamu na wanafunzi waliyapenda, lakini Seyyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliishi katika shamba la Bububu kabla ya kuondoka Zanzibar mwaka 1866, karibu miaka arubaini kabla ya gari hilo kupiga mlio wowote. Nilisubiri wanafunzi wapande gari, nikamwambia pembeni. Alitoa daftari mfukoni, akaandika mwaka ule, akaniuliza tena tahajia ya jina. Nimeshaweka nafasi nyengine kwa darasa litakalofuata, na nimeomba tuanze saa moja na nusu, kabla jua halijapanda.